Jibu: Wikendi ya Oktoba bila gari, mashamba na bahari pamoja

Dada, umeuliza siku mbili mwishoni mwa Oktoba kutoka London, bila gari, uone mashamba na bahari. Nenda Sussex, kusini mwa Uingereza, kwenye majabali ya chaki ya Seven Sisters. Treni ya stesheni ya Victoria hadi Lewes, ubadilishe ya Seaford. Kama saa moja na nusu hivi. Lala Seaford, kesho yake tembea hadi Eastbourne.

Ni kama kilomita 22, kupanda na kushuka tu. Wengi hukwama mto Cuckmere: unapoingia baharini hakuna daraja, lazima uufuate hadi Exceat ndipo uvuke. Ukichoka, basi namba 12 linasimama hapo. Chaki ikilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo vaa buti zenye meno. Ukingo usiusogelee: chini pamelika, nyasi unazokanyaga zinaweza kuwa zinaning'inia hewani.

Ukitaka kushuka ufukweni, tazama kwanza ratiba ya maji. Kati ya Cuckmere Haven (ufuo wa mlango wa mto) na Birling Gap, upande wa Eastbourne, hakuna ngazi, na maji yakijaa yanakubana ukutani.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Anza kutembea saa 3 asubuhi. Treni za Jumapili zikague mapema, mafundi wa reli wanazipenda wikendi kuliko sisi.