Kumbe ulichoona hakikuwa chote

Ndugu yangu, unauliza ilikuwaje ukavunja urafiki wa miaka kumi kwa sababu mwenzako alikupita bila salamu, kumbe dakika chache kabla alikuwa amepokea simu ya msiba. Kwanza, acha kujiita mpumbavu. Inaniuma kusoma hivyo.

Chora mistari miwili yenye urefu sawa. Wa kwanza uwekee vichwa vya mshale kwenye ncha zote mbili, vikitazama nje. Wa pili vigeuze vichwa hivyo vitazame ndani. Wa pili utaonekana mrefu zaidi. Pima kwa rula: sawasawa. Tazama tena: bado unaonekana mrefu! Mtaalamu Mjerumani Franz Müller-Lyer alionyesha jambo hili mwaka 1889. Kuujua ukweli hakubadilishi kile jicho linachokuletea.

Nawe vivyo hivyo: uliona uso uliokunjamana na macho yaliyokukwepa. Akili haipendi pengo, ikalijaza: "Ananidharau." Na kwa kuwa mlikuwa mmekwaruzana wiki ile, sababu hiyo ndiyo iliyokuwa karibu. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu huamua kwa taarifa pungufu, muda mfupi na akili yenye mipaka, kwa hiyo hushika jibu linalotosha badala ya lililo bora.

Kosa lako mimi naliona kwingine: siku zote zilizofuata hukumuuliza. Mpigie leo. Mpe pole ya msiba kwanza, maelezo yako yafuate baadaye.