Barua kwa mwanangu: sahihi iko wapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema wenzako uliosoma nao wana mishahara na bima, wewe bado uko Arusha unachora tembo wa oda, na unauliza utajuaje kama umefanikiwa au unajidanganya. Nitafika huko. Kwanza nikuulize mimi: zile picha mbili ulizonitumia kwenye simu, sahihi iko wapi? Nimezivuta mpaka zikawa ukungu mtupu, sikuiona.

Najua utasema mama ameanza na sahihi zake. Nimeanza, ndiyo.

Ile picha ya mjomba wako ya soko la samaki, Feri, iliyokuwa juu ya redio unaikumbuka, maana ulichapwa kwa kuigusa ikiwa mbichi. Soko zima lilikuwa mle: mnada, kinamama na makarai ya mafuta, wanaopara samaki, hadi paka chini ya meza akivizia utumbo. Alikuja mnunuzi, akasema ataichukua, ila sahihi pale kwenye kona inaharibu bahari. Mjomba akachovya brashi, akaifunika kwa bluu. Ada ilikuwa inadaiwa, na unajua ilikuwa ya nani. Baadaye tukaikuta kwenye kalenda, imechapwa kwa karatasi nzuri, jina hakuna. Mjomba akaitazama weee, akasema, "Paka katoka vizuri," akarudi kwenye twiga wake. Yeye alishasamehe. Mimi kalenda zile nikiziona dukani mpaka leo nasikia moto.

Kwa hiyo tia sahihi. Mbele, kona ya chini, kwa rangi ile ile ya mafuta na brashi nyembamba, baada ya tabaka la mwisho kukauka. Ukiwahi, herufi zinatambaa. Nyuma usiandike kwa kalamu ya wino mzito, inapenya pamba na kutokeza mbele. Usiandike kwenye mbao pia, kwa sababu mgeni akitaka kukunja picha aiingize kwenye begi, fremu inabaki kwako na jina lako linabaki nayo. Andika kwa penseli kwenye ule ukingo wa kitambaa unaokunjwa kando: jina, mwaka, kichwa cha picha. Halafu ipige picha nje, kivulini, simu ikiwa sambamba nayo. Juani rangi ya mafuta inang'aa na hutaona kitu. Picha uliyoibuni mwenyewe ni yako tangu ulipoimaliza, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inasema hivyo, na inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kumuuzia mtu kitambaa si kumuuzia ruhusa ya kuchapa kalenda. Ila mtindo hauna mwenyewe. Nyati wa macho makubwa anachorwa na yeyote, usigombane na mtu kwa hilo.

Sasa hao tembo. Usiwadharau, wamekulipia chumba. Lakini wasikulie siku zote saba. Rangi ya mafuta inataka usiku mzima kati ya tabaka na tabaka, na masika inataka zaidi. Ukiharakisha, au ukipaka nene, juu kunafunga ngozi na chini bado kubichi, kesho yake unakuta makunyanzi. Ukizidisha tapentaini ili ikauke upesi, mng'ao unakufa. Basi panga oda kwa mkupuo: fremu sita ukutani, zote mandhari ya nyuma leo, zote miili kesho, zote madoa na majani kesho kutwa. Zinapokauka, meza iko wazi. Saa hizo ndizo za picha yako. Mjomba aliichora Feri katikati ya oda za watu, kwa mabaki ya rangi zao.

Na zisipouzika, zitundike. Usizifungie chini ya kitanda: nyeupe ya rangi ya mafuta ikikaa gizani inageuka njano. Ikibidi kukunja, rangi iwe upande wa nje, kwenye bomba nene. Ukikunja rangi ndani inabanana, na ukija kuitandaza inapasuka.

Haya, kufanikiwa. Wachoraji wenzako watakutajia Edward Saidi Tingatinga, kwamba alianza 1968 kwa rangi za makopo na vipande vya hadibodi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Kweli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Miaka minne tu! Ukipima kwa urefu wa kazi, au kwa fedha, utasema hakufika popote. Lakini na mimi nikikupa mfano huo nakudanganya, kwani waliochora na kusahaulika ndio wengi, na walikuwa na bidii hiyo hiyo. Bidii peke yake haijibu swali lako. Wala kujiamini hakujibu. Nimewaona wanaojiamini wakichora vibaya miaka nenda rudi.

Fungua daftari, safu mbili. Moja ya oda, nyingine ya picha zako. Kila picha uandike kitambaa, mbao, rangi, nauli, fungu la mwenye duka, na saa ulizokaa. Mwaka ukiisha tazama mambo mawili: safu ya pili imekua au imekufa, na je, kuna mtu aliyerudi akakuulizia wewe kwa jina, si "yule kijana wa tembo". Ndiyo maana napiga kelele za sahihi. Atakuulizia vipi kama hajui jina?

Kuhusu kuacha au kuendelea, jibu ninalo, linaniwasha ulimini. Silisemi. Nikisema endelea, siku ukilala njaa utanilaumu. Nikisema acha, utaendelea kwa kunikomoa, na hiyo si sababu ya kuchora. Jaza daftari, uniletee Desemba.

Kitambaa nakutumia na basi la Ijumaa, mita sita, amerikani. Kiloweke na kukikausha kabla ya kukiwamba, hiki kinasinyaa sana.

Mama yako