Ripoti Isiharibike Steshenari: Tumia Mitindo ya Maandishi

Ripoti ya kurasa 60 kuhusu magofu ya Kaole inaweza kukaa sawasawa kwenye laputopu ya mwanachuo, lakini flashi ikichomekwa steshenari, Bagamoyo mjini, Sura ya Tatu inajikuta imeanzia katikati ya ukurasa. Fundi wa steshenari halaumiwi. Sura ilisukumwa kwa kubonyeza Enter mara kumi na kitu, na kila Enter ni aya tupu yenye kimo chake. Kompyuta ya pili ikikosa fonti uliyotumia huweka nyingine, mistari ikahama, na zile Enter zikahama nayo.

Dawa yake ni mitindo. Mtindo ni jina linalobeba maagizo yote ya aya: fonti, ukubwa, nafasi, rangi. Ukibadilisha agizo mara moja, aya zote zenye jina hilo hufuata.

Kwenye Word, anza na Normal. Nenda Home, bofya jina Normal kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Modify, kisha weka fonti na ukubwa unaotakiwa na chuo chako, mathalani Times New Roman 12. Nafasi ya mistari 1.5 iko chini, kwenye Format, halafu Paragraph. Angalia majedwali: nayo hutumia Normal, kwa hiyo yatatanuka. Yatengenezee mtindo wake.

Kwa vichwa, weka kishale kwenye jina la sura, bonyeza Ctrl+Alt+1. Vichwa vidogo ni Ctrl+Alt+2, na vilivyo chini yake Ctrl+Alt+3. Halafu rekebisha Heading 1 yenyewe, yaani mtindo wa jina la sura: rangi nyeusi, fonti ile ile, na kwenye Paragraph, ukurasa wa pili wa dirisha, weka tiki kwenye Page break before. Sasa futa Enter zote. Sura itaanza ukurasa mpya hata uongeze nini juu yake.

Orodha ya yaliyomo usiichape kwa mkono, na vile vidoti vyake. Iko References. Ukishahariri, bofya ndani yake, bonyeza F9, sasisha orodha nzima. Ukikuta aya ndefu imejipenyeza humo, mara nyingi kichwa kilitenganishwa na maelezo kwa Shift+Enter, na Word huviona hivyo viwili kuwa aya moja. Weka Enter ya kawaida, kisha irudishe aya ya maelezo kwenye Normal kwa Ctrl+Shift+N.

Maandishi ya intaneti yabandike kwa Keep Text Only, la sivyo yanakuja na mitindo yake. Na kisanduku cha Automatically update, kwenye dirisha la Modify, usikiwekee tiki kabisa: ukikoleza kichwa kimoja, vyote vya jina hilo vitakolea.

Wanaotumia LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, wafungue mitindo kwa F11. Vichwa ni Ctrl+1 na Ctrl+2.

Kisha hifadhi PDF, na hiyo ndiyo uipeleke ikachapwe, kwa sababu hubeba fonti zake ndani.