Nilipomwambia kaka nina arosto ya simu

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa teja. Neno hilo analitumia mwenyewe, ndiyo maana nami naliandika. Sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatibu waraibu wa heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, na kila asubuhi anakwenda kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Siku moja alinikuta kwenye fremu yangu ya ushonaji, bando limekata, nahangaika kutafuta wa kunirushia salio. Nikamwambia, "Kaka, leo nina arosto ya simu."

Hakucheka. Alivuta stuli akanieleza arosto ya teja aliyekosa unga ni nini: mifupa inauma, makamasi na machozi yanachuruzika, tumbo linaendesha, jasho na baridi vinakushika kwa pamoja. "Ya kwako siyo arosto, mdogo wangu," akasema. "Ila niambie, hela ya bando unaitoa wapi?"

Ilikuwa ya mteja. Aliniachia elfu ishirini ya zipu na bitana za gauni la harusi ya mdogo wake, nami nilishaimega mara tatu kwa vifurushi vya usiku. Bei yake ndogo, ndiyo inayodanganya. Na salio nilikuwa nakopa: nikiweka vocha deni linaimeza, nakopa tena. Nilikuwa natega alamu saa sita kasoro dakika tano ili kifurushi kikianza kinikute macho, kisha naangalia video moja baada ya nyingine mpaka adhana ya alfajiri. Mchana nakata vitambaa nikisinzia. Gauni lile nililikata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mwenyewe alipokuja aliishika ile mikono miwili, akaipimanisha, akaikunja nguo polepole na kuondoka bila kusema neno.

Huo ni uraibu? Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka ugonjwa wa kucheza magemu. Mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya mambo mengine, na haachi hata anapoona linamharibia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Intaneti kwa ujumla haimo, wala mitandao ya kijamii. Kwa hiyo sijiiti mraibu, na nawaomba wazazi wenzangu msimwite mtoto teja kwa sababu tu likizo nzima yuko na simu. Jina hilo linaumiza, nimeona lilivyomfanya kaka yangu mtaani.

Saa peke yake hazisemi kitu. Bodaboda anayepokea abiria kwa programu anashinda na simu mkononi, na ndiyo ugali wa wanawe. Mimi nakushauri ujiulize swali la kaka: muda, hela na usingizi unavitoa wapi, na ni vya nani? Kisha jaribu kuacha siku tatu uone. Mimi nilifuta zile programu mchana, usiku uleule nikazirudisha.

Kilichonisaidia kimetoka kwake pia. "Mimi njia ya maskani sipiti tena," aliniambia, akimaanisha kijiwe cha mateja. "Wewe maskani yako wapi?" Maskani yangu ilikuwa kitandani. Nikanunua saa ya kengele Kariakoo, na simu sasa inalala kwenye fremu, ndani ya droo ya cherehani. Nyumbani nabaki na kiswaswadu kwa dharura. Usiku wa kwanza mkono wangu ulikuwa ukipapasa chini ya mto.

Na hapo ndipo nilipokutana na kitu nilichokuwa nakikimbia. Mama alifariki miezi minane kabla, nami nilikuwa siwezi kulala chumba kikiwa kimya. Zile video zilikuwa zinaniongelesha. Kama na wewe ulianza kukesha baada ya msiba, talaka au kupoteza kazi, usiishie kupambana na simu. Tafuta mtu wa kuongea naye, na moyo ukizidi kuwa mzito nenda kituo cha afya uwaambie hivyohivyo. Mimi nilianza kwa kaka, kila Jumamosi akitoka kliniki.

Mteja yule nilimlipa kitambaa chake kwa awamu mbili. Hajarudi kushonesha, ila akipita ananisalimia.