Gemu yangu ya lori haipakuliwi: nilipie matangazo?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Mbeya. Nimetengeneza gemu ya Android ya kuendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na inachezeka bila bando. Iko Play Store mwezi wa pili sasa. Linki nimeituma kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo, lakini waliopakua hawafiki mia. Nina laki tatu. Nilipie matangazo mtandaoni, au nitafute msanii anipigie debe?
Msomaji, Mwanjelwa

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongera sana kwa kuifikisha gemu sokoni. Laki tatu yako iweke kwanza. Mashabiki wa msanii wanamfuata kwa ajili ya nyimbo. Wengi watapenda posti na kupita. Na tangazo la kulipia, siku hela inapoisha, nalo limekwisha.

Fungua Play Console, ukurasa wa Google unaotumia kusimamia gemu yako, uangalie ni wangapi wanafika kwenye ukurasa wa gemu na wangapi kati yao wanapakua. Wakifika na kuondoka, kasoro iko kwenye ukurasa. Jina lina nafasi ya herufi 30 na maelezo mafupi 80, basi usizipoteze kwa "gemu nzuri ya kusisimua". Neno "bila bando" likae mwanzoni mwa maelezo mafupi. Kwenye jina weka Kitonga, ule mlima wa njiani. Kwa neno "lori" unagombana na makampuni ya nje yenye fedha nyingi. Kwa Kitonga wachache watakusumbua.

Wakipakua kisha wakaifuta siku hiyohiyo, tatizo ni gemu yenyewe. Nenda Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mpe dereva au utingo simu, kaa kimya, tazama anakwama wapi. Usimfundishe. Hao ndio wateja wako wa kwanza, na watakuambia ukweli ambao marafiki zako wanakuficha.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya watu waizungumzie gemu yako, maana hapa ndipo wengi wanakosea. Watu hawasambazi linki, wanasambaza kitu chao. Angalia Bus Simulator Indonesia: mchezaji anaweza kulipaka basi rangi na michoro anayotaka mwenyewe, na akishalipamba atataka wenzake walione. Kila picha anayoirusha ni tangazo usilolilipia. Wewe una kitu kizuri zaidi mkononi: maandishi ya nyuma ya malori yetu. Mruhusu mchezaji aandike maneno yake kwenye lori lake, kisha weka kitufe cha kurekodi klipu ya sekunde 15, ya wima, inayofaa status na TikTok, jina la gemu likiwa pembeni. Dereva wa bajaji wa Kabwe, hapo Mbeya, akiona lori lenye jina la mtaa wake linapanda Kitonga na mzigo, atauliza limetoka wapi.

Nakuomba jambo moja kwa dhati. Usiuze gemu kwa klipu za ajali. Familia nyingi za nyanda za juu zimepoteza watu kwenye barabara hiyo. Uza ustadi: gia iliyowekwa kwa wakati, lori kufika juu salama.

Halafu weka shindano la kila wiki la nani amepanda mlima akiwa na mzigo mkubwa zaidi, zawadi iwe bando. Zawadi isitolewe kwa anayekupa nyota tano, kwani Google inakataza na gemu yako inaweza kuondolewa. Wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha hapo Mbeya, wakianza kushindana kati ya bweni na bweni, hutahitaji kuwasukuma.

Miezi miwili isikuvunje moyo. Among Us ilitoka 2018 na ikakaa bila kelele mpaka 2020, wacheza gemu wanaojirusha mubashara walipoichukua. Watengenezaji wake walikuwa wachache, ila waliendelea kuiboresha.

Ukiona wanaoletwa na marafiki wanaongezeka wiki hadi wiki, ndipo utoe ile laki tatu, kwa vipande vya elfu ishirini, ukilenga Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa tu. Klipu ya kulipia iwe ile ambayo wachezaji wameisambaza zaidi wenyewe.