Namba moja lazima aseme: kwa wasichana wa Unguja na Pemba wanaotaka kuchezesha timu

Wasichana wanaoanza mpira wa kikapu huniuliza sana: "Dada, nifanye mazoezi gani niwe pointi gadi?" Wanategemea niwaambie habari za kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Hilo halina siri. Dunda kila siku, mkono usioupenda ndio uutumikishe zaidi, na macho yawe juu. Lakini niliowaona wakikwama, wengi walikuwa wanadunda vizuri kunishinda mimi. Walikwama kwa sababu hawakuwa wanasema.

Pointi gadi, au namba moja kama tunavyomwita uwanjani, ndiye anayepandisha mpira na kuwapanga wenzake wanne. Sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, zinaipa timu sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 kwa shambulizi zima. Katika muda huo namba moja aone beki wamekaaje, achague mpango, awaambie wenzake, halafu mpira utoke mkononi. Ukifanya yote hayo kimya kimya, kila mtu atakwenda njia yake.

Sasa mchukue msichana wa Kikwajuni au wa Wete. Tangu akili zake zilipoanza kufahamu ameambiwa apunguze sauti, na mbele ya wakubwa asubiri asemeshwe. Anafika uwanjani anamkuta senta, yule mrefu wa kukaa karibu na goli, ni dada aliyemzidi miaka kumi, kaolewa, ana watoto, na yeye wa kidato cha tatu ndiye wa kumwambia "toka hapo, hamia kule". Nimewaona watoto wenye vipaji wakipeleka mpira pabaya huku wanajua ni pabaya, ilimradi wasimwamrishe mkubwa. Makocha wageni husema ni woga. Si woga, ni malezi, na mimi siwaambii muyaache.

Ninachowaambia ni kwamba maneno mengi ya namba moja yasemwe kabla mpira haujarushwa. Nilipopandishwa timu ya wakubwa nilikuwa nafika mapema, natoa shikamoo yangu, nakaa karibu na senta wetu akifunga viatu. Siku moja nikamuuliza, "Dada, mpira unautaka vipi?" Akanitazama, akaacha kamba za viatu. Akasema tangu aanze kucheza hajawahi kuulizwa. Kumbe goti la kulia lilikuwa linamsumbua, na zile pasi za juu tulizokuwa tunamrushia zilikuwa zinamtesa kila akitua. Alitaka pasi ya kudunda, imfikie usawa wa kiuno akiwa keshasimama imara na beki yuko mgongoni. Nikampa hivyo hivyo. Tangu hapo nikipiga kelele "Dunda!" katikati ya mechi, yeye hasikii mtoto anamwamrisha, anasikia jambo tulilokubaliana. Na yeye ndiye alikuwa akiwakemea wengine: "Msikilizeni mtoto!"

Kuna na suala la majina. Kuita "dada fulani" uwanjani ni kupoteza muda, na jina tupu bila "dada" linakwaruza masikio. Sisi tulitumia namba: tano senta, nne msaidizi wake, na kuendelea. Mipango ya kucheza tukaipa majina ya mitaa. "Darajani" maana yake njooni katikati mniwekee skrini, yaani msimame mumzuie beki wangu, pabanane. "Bububu" maana yake tawanyikeni, niachieni nafasi nimkabili beki wangu peke yangu. Timu zikitoka Dar zilikuwa hazielewi kitu. Za hapa hapa zilituelewa upesi, tukalazimika kubadilisha mitaa kila msimu.

Kunyamaza pia ni kazi. Mwenzako akikosa goli la wazi, usiseme neno. Anajua. Mpe pasi nyingine mapema kabla hajaanza kujificha pembeni. Refa naye, kama wewe ndiye kapteni, msogelee mpira ukiwa umesimama, umwambie kwa upole. Ukimpigia mayowe hatabadilisha uamuzi, na faulo yako ya tano, ile ya kukutoa mchezoni, itakuja mapema kuliko ulivyotarajia.

Viwanja vyetu vingi havina saa ya sekunde 24, kwa hiyo vijana hukua bila kuisikia. Siku wakienda kwenye ligi yenye saa hiyo, wanashtuka. Mweke mwenzenu mmoja aliyepumzika pembeni na saa ya simu, awatangazie kwa sauti: kumi, tano. Msisahau pia kwamba mkitupa, mpira ukagonga chuma na mkauokota wenyewe, hampewi 24 tena, mnapewa 14. Kwa sekunde 14 usirudi nyuma kuanza "Darajani" upya. Tafuta aliye wazi umalize kazi. Na kwa kuwa tunacheza nje, upepo wa kusi ukikaza punguzeni pasi ndefu za hewani, hasa viwanja vilivyo karibu na bahari. Mimi naamini upepo umetufundisha pasi za kudunda kuliko kocha yeyote.

Kuhusu kimo nitasema kidogo tu, kwa sababu nimechoka kuulizwa. Mtanzania wetu Hasheem Thabeet, mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2009, pale timu za NBA, ligi kubwa ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya. Tukajivunia, na haki yetu. Drafti ile ile, wa saba alikuwa Stephen Curry, pointi gadi ambaye wengi walimwona mwembamba mno, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Muggsy Bogues alikuwa na mita 1.60 na alicheza NBA misimu 14. Basi wewe wa mita 1.58 usije kuniambia umeumbwa mfupi.

La mtandio ndilo linalonigusa zaidi. Bilqis Abdul-Qaadir ni pointi gadi wa Marekani, Muislamu, aliyefunga pointi 3,070 akiwa skuli, na wakati huo ilikuwa rekodi ya jimbo la Massachusetts. Alicheza chuo kikuu akiwa amejifunika, mikono na miguu pia. Alipotaka kwenda kucheza kulipwa Ulaya, mwaka 2014, akakuta sheria ya FIBA hairuhusu kilemba wala mtandio. Avue au asicheze. Hakuvua. Yeye na wengine walipiga kelele mpaka sheria ikabadilishwa, na ikaanza kutumika Oktoba 2017. Miaka yake mizuri ya kucheza ilikuwa imeshapita, lakini wewe unayesoma hapa unaufaidi mlango alioufungua.

Sheria yenyewe uijue, maana nimewahi kumwona refa asiyeijua akitaka kumtoa mchezaji. Kitambaa kiwe cha rangi moja tu, na wote wanaojifunika katika timu wavae rangi hiyo hiyo. Uso usizibwe. Kisiwe na pini wala kifungo shingoni au usoni, na pasiwe na ncha inayoning'inia. Kwa hiyo mtandio wa kawaida wa kufunga kwa pini acha nyumbani, vaa ule wa kuvuta wa kitambaa cha michezo. Fundi yeyote wa Darajani atakushonea.

Nyumbani nako kuna mechi yake. Mazoezi yetu huanza baada ya alasiri na mama anataka urudi kabla ya magharibi. Usimwachie kocha akupigie simu wewe, mwambie aje kwenu, aketi barazani, azungumze na wazee: mazoezi saa ngapi, nani anawasindikiza, mkisafiri mnalala wapi. Kwetu baba alikuwa mgumu miezi mingi, na kocha alipokuja mwenyewe akakubali kabla kahawa haijaisha. Ramadhani panga mapema, kwa sababu timu nyingi huhamia usiku baada ya tarawehe na hapo ruhusa ni nyingine kabisa.

Pesa sasa. Mpira wa kikapu kwetu haujawa wa kukulisha, na wa wanawake ndio kabisa. Niliwahi kuchezea timu moja upande wa pili wa bahari iliyoahidi posho ya kila mwezi, na posho ilikuwa inakuja inapojisikia. Kwa hiyo kabla hujapanda boti, uliza: nauli nani analipa, ya kwenda na ya kurudi? Nikiumia, hospitali nani analipa? Nalala wapi na nakaa na nani? Majibu yaandikwe na yatiwe saini, na nakala aiweke mama. Wakikuona una kiburi kwa maswali hayo, na iwe hivyo. Skuli usiiache. Timu za vikosi zina nafuu ya ajira, lakini hata huko cheti kinaulizwa.

Na ulinde vifundo vya miguu, maana kazi ya namba moja ni kusimama ghafla na kugeuka, tena sisi juu ya saruji. Curry huyo huyo alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia mara mbili, 2011 na 2012, na msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu. Yeye ana madaktari. Wewe una barafu ya dukani na bibi mwenye mafuta ya kuchulia. Simama mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi na usiku, ukizoea fumba macho. Ruka kamba. Kifundo kikivimba usikubali kuchuliwa siku hiyo, weka barafu, kifunge, kiinue. Kama huwezi kukanyaga, nenda ukapigwe picha. Bibi atanuna siku mbili tatu.

Viatu usinunue vya mitumba ambavyo soli imeshakuwa laini, hata kama jina lake linang'aa. Pitisha kidole chini, kama michoro imekwisha virudishe. Saruji ikipata unyevu wa jioni inateleza vibaya.

Wanaotaka kuanza na wanaogopa, njooni Jumamosi moja mtazame tu, na mama zenu wakipenda nao waje. Mpira upo na maji yapo. Atakayetaka kujaribu namba moja nitamtaka jambo moja kabla sijampa mpira: asimame katikati ya uwanja, aniite kwa sauti ya kunifikia niliko chini ya goli.