Zenit ya mjomba ni imara, sawa. Picha zake je?

Swali lenu la wiki hii, "Je, vitu vya zamani vilikuwa imara kuliko vya leo?", limenikuta nimetoka kubadilisha kioo cha simu. Ndiyo, vilikuwa imara. Anayebisha aje nyumbani nimwonyeshe kamera ya mjomba, Zenit-E.

Wenye ndugu waliosomea Urusi wanaijua. Kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, kilianza kuitengeneza 1965, na zilitoka zaidi ya milioni 3. Chuma kitupu, karibu kilo moja pamoja na lenzi yake ya Helios. Betri haina, hata kipima mwanga kinaendeshwa na mwanga wenyewe.

Siku ya harusi ya mama mdogo, Muheza, mjomba alipanda nyuma ya Land Rover pamoja na masufuria ya pilau. Kwenye kona ukanda wa shingoni ukakatika, kamera ikaruka, ikadunda kwenye kokoto, ikabiringika hadi mtaroni. Akina mama wakanyamaza, nyimbo zikakatika. Mjomba akateremka bila haraka, akaipangusa kwa kanzu, akavuta mkanda wa filamu, akabonyeza. Ikalia kama komeo la lango! Vigelegele vilivyopigwa hapo bibi harusi hakuvipata. Kona moja ilibonyea kidogo, na sindano ya kipima mwanga ikafa. Basi. Tangu hapo mjomba alipima kwa macho: jua kali, filamu ya ASA 100 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), tundu la lenzi 16, kasi 1/125 ya sekunde. Na lenzi ile ina mambo yake. Unafungua tundu lake kwanza ili uone vizuri, unazungusha mpaka sura itulie, halafu unalifunga tena kwa vidole kabla ya kupiga. Wakati huo sisi tumekakamaa, jasho linatiririka, nzi wanatua puani, naye anafoka, "Bado! Msicheke!" Mkanda una picha 36 tu, na bibi alishadai mbili za peke yake.

Nimeinuka hapa kuitafuta albamu. Za harusi ile zimebaki chache, nyingine zimegandana na nailoni, zikibanduliwa zinaacha uso. Negativu zimeliwa na ukungu. Mama mdogo katika picha yake amekuwa mwekundu kama aliyeungua. Kamera haina neno.

Harusi ya binti wa mama mdogo ilipigwa kwa simu hizi ninazozitukana, na picha ziko Muscat, Nairobi na kwa kila shangazi. Ukipoteza zako unaomba kwenye grupu, unatumiwa papo hapo.

Kwa hiyo nalegeza kamba. Kwa uimara wa kifaa, sirudi nyuma. Kwa kumbukumbu, na hilo ndilo mlilopaswa kuuliza, simu imeshinda, ilimradi ndugu wasizifute kupisha video za vichekesho. Na vijana mnaoulizia bei ya Zenit muiweke pambo sebuleni: haiuzwi. Anayetaka kupigia picha nitamwazima, aje na mkanda wake, na jua liwepo.